Nondo na saruji zimebadilika, elimu ya saiti bado ya jana

Dar es Salaam. Nondo nene ikigoma kukunjika, kuna mafundi wanaoiwashia moto. Inakuwa nyekundu, inalainika, inakunjwa, kazi inaendelea. Kwa macho hakuna kilichoharibika.

Kumbe kimeharibika. Nondo nyingi za sasa hupozwa ghafla kwa maji zikiwa bado za moto kiwandani. Ganda la nje linakuwa gumu na moyo wa ndani unabaki laini. Ganda hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya nguvu ya nondo. Ukiichoma mpaka iwe nyekundu kisha ikapoa yenyewe, ugumu ule unapotea, na nguzo inajengwa kwa chuma dhaifu kuliko alichokipigia hesabu mhandisi.

Hiyo ndiyo sayansi ya vifaa: elimu ya kwa nini chuma, saruji au mbao hubeba mzigo, na ni lini vitashindwa. Tatizo ni kwamba vifaa vinabadilika wakati watu wengi wako tayari kazini, miaka mingi baada ya kumaliza chuo au kujifunza kwa fundi mkubwa.

Saruji nayo ni vilevile. Namba 32.5 na 42.5 kwenye mfuko huelezea nguvu inayopimwa baada ya siku 28, wala si uzito au bei. Saruji nyingine huchanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano. Ni saruji nzuri tu, ila nyingi huchelewa kukomaa. Fundi aliyezoea kutoa mirunda baada ya siku kadhaa, kwa sababu "ndivyo tunavyofanya siku zote", anaweza kuwa anafuata kalenda ya saruji nyingine kabisa.

Sasa nani anarudi darasani?

Kwa wenye shahada, njia ipo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), iliyoundwa kwa sheria ya 1997, inawataka wahandisi waliosajiliwa waendelee kujifunza. Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) ina kozi zake. Anayetaka kuzama zaidi anaweza kusoma sayansi ya vifaa ngazi ya uzamili katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha.

Lakini si mhandisi anayeongeza ndoo ya maji kwenye zege saa nane mchana ili liteleze vizuri. Maji hayo ya ziada hupunguza nguvu ya zege, na uamuzi huo huchukuliwa kwa sekunde mbili na mtu ambaye hakuna bodi inayomdai pointi za mafunzo.

Kwa fundi huyo, mlango unaojulikana zaidi ni VETA, ambayo ina mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anapimwa kwa anachokijua, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Ni mpango mzuri, na umewapa heshima watu waliodharauliwa kwa kukosa makaratasi. Ila cheti kinathibitisha anachokijua leo. Nondo mpya ikiingia sokoni baada ya miaka mitano, nani atamwita tena?

Kuna na suala la hela. Fundi analipwa kwa siku. Siku ya darasani ni siku bila posho, tena kwa kozi ambayo mwenye nyumba hataiona kwenye ukuta. Ndiyo maana duka la vifaa vya ujenzi limegeuka chuo kisicho rasmi: muuzaji ndiye anayeeleza saruji ipi ni ya nini, na muuzaji ana mzigo wa kumaliza.

Kwa hiyo mafunzo yanayoweza kumfikia ni yale yanayokwenda saiti, nusu saa kabla ya kumwaga zege. Kipimo cha koni kinatosha kwa somo la kwanza: koni ya chuma ya sentimita 30 inajazwa zege, inanyanyuliwa, kisha watu wanaangalia zege limeshuka kiasi gani. Likimwagika kama uji, kila mtu anaelewa bila hotuba.

Majengo hayaanguki kwa sababu moja, na si haki kumbebesha fundi kila kifusi. Lakini Dar es Salaam inajua gharama. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliua watu 36. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafariki.

Kwa anayejenga sasa hivi, kuna somo moja lisilohitaji ada. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na takribani kilo 10.7. Mizani ya kuning'iniza inatosha. Ikipungua kilo nzima, irudishe dukani kabla fundi hajaanza kukata.