Mafuriko ya Lodwar na Kakuma: Twataka Matayarisho Kabla ya Maji



Kila ukame unapoingia Turkana twasikia habari ile ile, kwamba malori ya chakula yako njiani. Lakini mvua inaponyesha huko juu milimani na mto ukateremka usiku, hakuna lori lililo njiani, kwa kuwa njia yenyewe imekatika. Leo nataka kusema juu ya jambo hili la pili. La kwanza lina wasemaji wengi.

Kwa haki yake, katika mambo ya ukame serikali imejifunza, tena imejifunzia hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wilaya ya Turkana iliwekewa utaratibu wa kutoa tahadhari ambao wilaya nyingine za Kenya zilikuja kuufuata baadaye. Watu waliwekwa kuandika hali ya malisho, bei ya mbuzi sokoni, maziwa yanayopatikana nyumbani na afya ya watoto, kisha hali ya nchi ikapewa daraja yake, tangu ya kawaida mpaka ya dharura. Kazi hiyo leo iko mikononi mwa Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011 na kupewa sheria yake mwaka 2016. Taarifa hutoka kila mwezi. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 mpaka 2022, mifugo ilikufa kwa wingi na watu waliteseka sana, lakini hakuna mkubwa aliyeweza kusema ati hakuambiwa.

Mafuriko hayana karani wa namna hiyo. Ukame huja kwa miguu, nawe wauona ungali mbali. Maji huja kwa saa chache. Na mgeni akisikia kwamba Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, hudhani maji si adui wa mji huu. Hajui kwamba maji yanayoiumiza Lodwar hayanyeshi Lodwar. Turkwel hutoka mbali, upande wa Mlima Elgon, hupita bwawa la Turkwel lililokamilika mwaka 1991, kisha huteremka mpaka kwetu. Kawalase ni lagga, kavu siku nyingi za mwaka. Watu huvuka kwa miguu na wenye kuchota mchanga hupata humo riziki yao. Kakuma nako kuna Tarach, wenye tabia ile ile.

Mwaka 2020 bwawa lilipojaa kuliko kawaida, watu wanaokaa chini yake walitahadharishwa wahame. Kuambiwa “hameni” ni jambo jema. Lakini kuhamia wapi, kwa motokaa ya nani, kulala wapi, na nani atabaki kulinda mbuzi na mabati? Hayo ndiyo huitwa mpango, na mama mwenye watoto wanne hawezi kuyatunga peke yake saa nane za usiku.

Je, kazi hii ni ya nani? Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne yaipa kaunti zimamoto na usimamizi wa maafa. Jedwali hilo hilo laipa serikali kuu usimamizi wa maafa vile vile. Basi mzigo umewekwa juu ya vichwa viwili, na kila kichwa chaweza kudhani kingine kimeubeba.

Fedha je? Sheria ya fedha za umma ya 2012 yairuhusu kaunti kuweka mfuko wa dharura, ambao malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato yake. Wengi husikia hivyo wakatulia. Mimi situlii. Mfuko ule ni wa haja za ghafula zisizotazamiwa. Kufurika kwa Kawalase si jambo lisilotazamiwa. Hata mtoto wa shule analitazamia. Kwa hiyo ving'ora, kamba, maboti, uzibuaji wa makalvati na mafuta ya ambulansi yaandikwe katika bajeti ya kawaida, karibu na mishahara, yasingojee mtu atangaze hatari.

Kakuma jambo lina uzito zaidi. Kambi ilianza mwaka 1992, Kalobeyei ikaongezwa mwaka 2016, na leo wakimbizi waliopo ni kama 300,000. Kambini kuna mashirika ya kimataifa na idara ya serikali kuu. Mjini kuna kaunti. Lakini Tarach hautazami kadi ya chakula. Mwaka 2025 tuliona fedha za misaada zikikatwa ng'ambo, na posho ya wakimbizi ikapunguzwa vibaya. Mkono uliopunguza chakula waweza kupunguza na mafuta ya magari. Kaunti iliyoweka matumaini yake katika lori la kuazima yafaa ihesabu leo malori yake yenyewe, na yale yaliyosimama karakana kwa kukosa tairi yasihesabiwe.

Wengine watasema dawa ni moja tu: watu wasijenge kandokando ya mto. Maneno hayo ni mepesi kwa mwenye nyumba ya mawe. Kibarua hukaa karibu na maji kwa sababu kisima kipo hapo, kazi ipo hapo, na ploti ya juu haipati kwa mshahara wake. Apewe kwanza mahali pa kwenda.

Kuna kamati mjini Lodwar inayokutanisha kaunti, wakubwa wa serikali kuu na mashirika kuzungumza mambo ya ukame na maafa. Ni vizuri. Lakini anayejua mahali barabara ya Kakuma inapokatika kwanza ni dereva. Anayejua pampu ipi itazama ni fundi wa maji. Anayejua rangi ya maji kabla ya mto kujaa ni mchota mchanga. Hao huitwa baada ya mafuriko, kupakua magunia. Twataka waitwe kabla, wakae katika kamati, na wakitumwa majini usiku wapewe mabuti, kurunzi na malipo ya saa za ziada.

Makadirio ya kaunti hupelekwa barazani kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwanachama atakayehudhuria mkutano wa wananchi juu ya bajeti, Lodwar au Kakuma, asimame aulize: king'ora cha Kawalase na cha Tarach kimeandikwa ukurasa gani, na kwa shilingi ngapi?