Maji yanasema, lakini hayasemi yote

Samaki akipita anaacha ute, magamba na mavi ndani ya maji. Humo muko ADN yake. Watafiti wanachuja lita chache tu, wanapeleka kichujio kwenye laboratware, na wanajua ni samaki gani wako pale bila kutupa wavu. Kwa ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1.470, hiyo ni faida kubwa.

Mimi naunga mkono kazi hiyo. Lakini tusidanganyane: ADN inasema ndagala iko, haisemi ni kilo ngapi, wala kama ni mikubwa ao midogo. Mto pia unaweza kuleta ADN ya samaki wa mbali. Na ziwa likifungwa miezi 3, familia za wavuvi njo zinakosa pesa.

Njo maana nasema: kipimo cha maji kiende pamoja na daftari ya koperative. Kila siku andikeni aina ya samaki, kilo, urefu, na mahali wavu ulitupwa. Watafiti wakifika, waombeni majibu yarudi kwenu, kwa Kiswahili. Asiye na daftari, wengine watamwamulia.