Vipimo vya Mwamba Virudi kwa Wenye Mwamba
Tamko la wavuvi, wakulima wa mwani na wapimaji wa miamba wa mwambao wa Tanga

Sisi wavuvi wa dema na mshipi, wanawake wa pweza na wakulima wa mwani wa mwambao wa Tanga, pamoja na wenzetu tuliojifunza kupima miamba, tunatoa tamko hili kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Wakati huu tumeuchagua kwa makusudi. Miezi ya Machi na Aprili, kaskazi inapolegea na bahari kutulia, ndipo maji ya pwani yetu yanapofikia joto la juu kabisa, na ndipo matumbawe yanapopauka. Tukisubiri mpaka Mei tutakuwa tunatoa tanzia.

Tunalotaka ni moja. Vipimo vinavyochukuliwa kwenye miamba yetu virudi vijijini kwa Kiswahili, ndani ya msimu uleule, na kijiji kiwe na mamlaka ya kuchukua hatua kwa kuvifuata.

Tumbawe si jiwe, ingawa ndivyo wengi wetu tulivyolelewa kuliita. Ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao huwapa rangi na sehemu kubwa ya chakula chao. Joto la maji likipita kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi moja tu, likadumu kwa majuma kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo nje na kubaki jeupe pe. Hapo bado li hai. Maji yakipoa mapema linaweza kurudisha rangi. Yakichelewa kupoa, linakufa kwa njaa na majani ya baharini yanaifunika mifupa yake. Kwa hiyo kati ya weupe na kifo kuna majuma machache. Katika majuma hayo mwamba unahitaji kupumzishwa: usikanyagwe, usivuliwe kwa nyavu, wala usipunguziwe samaki kama pono na kangaja wanaokula majani hayo na kuliachia tumbawe changa mahali pa kushika. Taarifa inayotufikia mwaka mmoja baadaye haiwezi kuokoa kitu.

Waliokuwa wakivua mwaka 1998 hawahitaji kuelezwa haya. Joto la El Niño la mwaka ule liliua matumbawe kwa wingi katika Bahari ya Hindi upande wetu, kuanzia Kenya hadi Tanzania na visiwani. Miamba mingine ilijirudi kwa miaka mingi ya subira, mingine hadi leo ni vifusi. Joto likaja tena 2016. Tarehe 15 Aprili 2024 shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, likatangaza pamoja na wadau wa kimataifa wa miamba kwamba dunia imeingia katika upaukaji mkubwa wa nne, na pwani ya Afrika Mashariki haikusalimika. Hesabu ya miaka hiyo ndiyo inayotutisha. Tumbawe la mviringo, lile kubwa ambalo manahodha hulitumia kama alama, hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Halina muda wa kupona kabla joto jingine halijafika. Utafiti ulioongozwa na David Obura wa CORDIO, Mombasa, uliochapishwa Desemba 2021, uliikagua miamba ya magharibi ya Bahari ya Hindi na kuikuta yote katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Watoto tunaowapeleka darasa la kwanza mwaka huu watakuwa bado hai.

Wanawake wa mwani waliijua habari ya joto bila kipimajoto. Kotoni, mwani wenye bei nzuri, ulianza kuoza na kukatika kambani maji yalipozidi kupata moto, wengi wakalazimika kubaki na spinosamu inayolipa kidogo. Hakuna aliyekuja kuwauliza walikuwa wameona nini, na mwezi gani.

Tunasema haya tukijua kwamba Tanga ilikwisha onyesha njia. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani wa mkoa huu, kwa msaada wa IUCN na serikali ya Ireland. Wanavijiji walifundishwa kuzamia na kupima: kutandaza utepe juu ya mwamba, kuandika kilicho chini yake, yaani tumbawe hai, tumbawe lililokufa, kifusi, mchanga au majani, kisha kuhesabu samaki pande mbili za utepe. Vijiji viliketi na hesabu hizo na kukubaliana miamba ya kufunga. Mvuvi aliyeishia darasa la nne aliweza kusimama kwenye mkutano na kueleza kwa nini samaki aitwaye kikande asivuliwe hadi kwisha: huyu ndiye mlaji wa wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na akitoweka wao huzaana na kuuguguna mwamba hadi ukamomonyoka. Mpango ulipokwisha, utepe uliwekwa stoo. Tangu hapo watu wanakuja na boti, wanazamia siku mbili, wanatushukuru kwa madafu na kuondoka. Mara nyingi tumejua walichokiona kwa kusimuliwa na mtu aliyekisoma mjini.

Kwa watafiti na taasisi zao tunasema kwa heshima: kabla ya kuondoka, someni matokeo ya awali mbele ya kijiji, hata yakiwa hayajakamilika, na acheni nakala kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU. Pimeni mahali palepale kila mwaka, kwa sababu mwamba uliopimwa mara moja haumwambii mtu kama unapona au unakufa. Tuachieni vipimajoto vya chini ya maji na mtufundishe kuvisoma.

Kwa serikali, kuanzia halmashauri hadi wizara: sheria zipo. Uvuvi wa baruti ni marufuku tangu 1970, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua usimamizi wa pamoja na jamii. Milio ya baruti imepungua sana miaka hii baada ya vyombo vya dola kushirikiana, na tunashukuru kwa dhati. Mlipuko mmoja huvunja kwa sekunde kilichojengwa na vizazi. Kinachokosekana ni sheria ndogo itakayokiruhusu kijiji kuufunga mwamba mara moja joto linapopanda, bila kungoja barua izunguke ofisi hadi kusi ianze.

Kuna wanaotuambia tupande matumbawe. Hatukatai, na baadhi yetu wamefunga vipandikizi kwa mikono yao. Lakini kupanda katika maji yaleyale ya moto, kwenye mwamba unaobomolewa kwa kigumi, yaani uvuvi wa nyavu na kugonga matumbawe kwa miti, ni kupoteza fedha, na picha nzuri za vitalu zisichukue nafasi ya kazi ya kupima na kulinda.

Nasi hatuji mikono mitupu. Hatutatia dema juu ya matumbawe hai wala kuzifunika kwa mawe yaliyong'olewa mwambani. Wanawake wa pweza wamekubaliana kuacha mitaimbo ya chuma inayovunja mashimo. Fimbo ya mti inatosha kwa anayelijua shimo lake. Atakayekutwa na juya au kigumi miongoni mwetu tutamtaja wenyewe kwenye mkutano wa kijiji, awe ndugu au mwenyekiti.

Kipimo cha kwanza tutakichukua bamvua la Novemba, kabla ya upepo kugeuka. Cha pili ni Machi, na kuanzia hapo wazamiaji wetu watapita kila juma kuangalia weupe hadi maji yapoe. Matokeo yatasomwa chini ya mwembe, penye mnada wa samaki, siku ileile. Tunawaalika maofisa uvuvi na watafiti waje kuketi nasi siku hizo, kila mmoja na daftari lake.