Kati ya Kusinga na Kuchubua: Pumba za Usevya na Ngozi Zetu

Kiswahili hakijaacha kazi ya mkono juu ya ngozi iwe na jina moja. Anayesinga hupaka singo au liwa, akaifikicha taratibu mpaka ipukutike pamoja na taka za mwili. Anayesugua ameshika dodoki, au jiwe la miguu. Anayechubua amevuka mpaka, kwa kuwa ngozi yenyewe imetoka. Si ajabu kwamba krimu za kung'arisha zilipoenea, watu hawakutafuta neno geni kwa kitendo cha kuondoa weusi. Walisema mtu anajichubua. Ninaanzia kwenye maneno kwa sababu mjadala wetu kuhusu vipodozi umekwama kwenye jozi nyingine isiyosaidia, ile ya asili dhidi ya kemikali, na jozi hiyo inapotosha hasa pale panapotakiwa kuamuliwa kama mazao ya shambani yageuzwe skrabu ya kuuzwa. Mahali kama Usevya, katika Halmashauri ya Mpimbwe wilayani Mlele, mpunga unakolimwa na pumba zake kubaki mashineni, uamuzi huo si wa nadharia. Hoja yangu ni kwamba skrabu huwa ya kusinga au ya kuchubua kutokana na kazi inayofanyika kiwandani, yaani kupepeta, kuchekecha, kukausha na kupima. Huko ndiko sheria na fedha za umma zinakopaswa kuelekezwa.

Tuangalie kwanza kinachosuguliwa. Tabaka la nje la ngozi, lenye seli zilizokwisha kufa, lina unene wa mikrometa 10 hadi 20 tu katika sehemu kubwa ya mwili, pungufu kabisa ya unene wa unywele. Nyayoni ni nene mara nyingi zaidi. Kwa kijana mwenye afya, safari ya seli kutoka chini hadi kupukutika huchukua takriban wiki 4, na mwili huifanya bila kuombwa. Kiambato cha kusugua huharakisha tu kile ambacho kingetokea. Kikizidi kiasi, ngozi huchokozeka, na ngozi nyeusi ina namna yake ya kujibu uchokozi: huzalisha rangi zaidi pale ilipoumia. Alama ndogo ya mkwaruzo hugeuka doa jeusi linalokaa miezi. Mwenye doa hilo usoni hutafuta cha kulifuta, na dukani anachokutana nacho mara nyingi ni krimu yenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Tunapopambana na mkorogo wa krimu hizo tunakamata makopo mipakani na kusahau kwamba skrabu ya hovyo ni mojawapo ya milango ya kuuingilia.

Sasa twende mashineni. Katika kila kilo 100 za mpunga, makapi ya nje ni kama kilo 20, na pumba laini inayofunika punje ni kama kilo 8 hadi 10. Vitu hivi viwili vinatoka kwenye punje moja lakini kwa ngozi havina undugu. Pumba laini ina mafuta na ni nyororo. Makapi yakichomwa huacha majivu yanayofikia karibu moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, jamaa ya mchanga na kioo. Kapi lililosagwa ni vipande vyenye ncha. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za kukoboa vijijini ni za hatua moja: kapi na pumba hutoka kwenye bomba moja, vikiwa vimechanganyika, na vyote huitwa pumba. Atakayechota mchanganyiko huo, akautwanga, akauchanganya na asali na kuufungasha, atakuwa anauza kusinga na kuchubua katika kopo moja. Mashine za hatua mbili, zinazomenya kapi kwa roli za mpira kabla ya kung'arisha mchele, hutenganisha vitu hivyo tangu mwanzo. Zipo Tanzania, na bei yake ni ya kukopeka kwa kikundi.

Hata pumba safi ina saa yake. Punje inapokobolewa, kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja mafuta yake, na kwa saa chache tu harufu ya uchungu huanza. Anayetaka kuitumia lazima aipashe moto mapema ili kukiua kimeng'enya hicho, kisha aikaushe. Hapa ndipo ule msemo kwamba vya asili havidhuru unapoishiwa nguvu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu takriban 20. Mahindi hayo yalikuwa ya asili, yamelimwa na kuvunwa na walioyala. Sisemi kwamba sumukuvu ya kwenye skrabu itaua kama ya kwenye ugali. Kinachonihusu ni kwamba ukungu hauonekani kila mara kwa macho, na nafaka yenye unyevu ndani ya kopo lililofungwa ni shamba lake. Ngozi iliyotoka kusuguliwa, yenye mikwaruzo midogo, si mahali pa kuufanyia majaribio.

Watetezi wa mapokeo watanijibu kwamba bibi zetu walisinga bila maabara. Ni kweli, na jibu limo ndani ya mapokeo yenyewe. Singo ya Unguja, ya asumini na langilangi, husagwa na kutumika, haikai rafuni miezi sita ikisubiri mnunuzi. Liwa husuguliwa juu ya jiwe lililoloweshwa hadi iwe laini kabisa kabla ya kugusa mwili, na fundi anajua kwa vidole kama imefikia. Vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa maabara. Bidhaa inapoacha mikono ya anayemjua bibi harusi na kwenda sokoni kwa mtu asiyejulikana, ule ujuzi wa vidole lazima ugeuzwe namba kwenye lebo, la sivyo umepotea.

Kuna wanaopinga kutoka upande wa pili, na hao wana hoja nzito zaidi. Wanasema zama za chembe za kusugua zimepita: asidi ya glaikoliki, ya laktiki au ya salisili hulegeza gundi inayoshika seli zilizokufa bila kukwaruza chochote. Nakubali kwamba zikitumiwa kwa kipimo huwa na nidhamu kuliko chembe. Lakini kipimo hicho ndicho kila kitu. Jopo la wataalamu wa viambato vya vipodozi nchini Marekani lilipendekeza mwaka 1998 kwamba bidhaa ya glaikoliki au laktiki ya kutumia nyumbani isizidi asilimia 10 na pH yake isishuke chini ya 3.5, nayo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikashauri mwaka 2005 kwamba lebo zionye kuhusu jua, kwa kuwa ngozi iliyotoka kupakwa asidi hizo huungua upesi. Mtu anayeshinda shambani bonde la Rukwa bila kinga ya jua ananunua faida na hasara kwa bei moja, na mwenye ualbino hana sababu ya kuzigusa. Nje ya asidi kuna papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, ambacho nacho hutumika kuondoa seli zilizokufa. Tanganyika, Uganda na Kongo ziliwahi kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa utomvu huo duniani. Tuliukausha na kuusafirisha; kazi ya kuusafisha na kuupima, iliyo na thamani, ilifanyika kwingine. Ningependa pumba zisifuate njia hiyo.

Kuhusu chembe za plastiki sina haja ya kusema mengi. Marekani ilipitisha sheria ya kuziondoa katika vipodozi vya kuoshwa mwaka 2015, Uingereza ikafuata mwaka 2018, Umoja wa Ulaya mwaka 2023. Kanuni zetu za Juni 2019 zililenga mifuko, wala si punje zilizomo ndani ya tyubu. Ziwa Rukwa, linalopokea maji ya mto Kavuu, halina mto unaotoka. Kiingiacho humo hukaa humo. Kwa bonde la namna hiyo, kiambato kinachooza ni hitaji la mazingira kabla ya kuwa fursa ya biashara.

Pingamizi gumu ni la gharama. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), mjasiriamali wa Usevya anaangalia ofisi kuu iliyo Ubungo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake. Ukimwambia apime pH, unyevu na vimelea, anaweza kusikia kwamba unamfukuza sokoni kwa adabu. Ninaielewa hofu hiyo, ila sikubali tiba yake, ile ya kumwacha mdogo bila masharti hadi akue. Uso wa mteja hauulizi mtaji wa aliyetengeneza. Isitoshe, tuna mfano wa nyumbani: huko Moshi, Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kimekuwa makao ya utengenezaji wa Kilisun, krimu ya kinga ya jua kwa watu wenye ualbino. Haikuaminika kwa kusifiwa kuwa ya kienyeji, bali kwa kutengenezwa na watu wanaopima. Ni kweli ilikuwa na wafadhili na wafamasia. Ndiyo maana nasema mzigo wa kwanza wa upimaji ubebwe na umma. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lipo tangu mwaka 1973 na kazi yake ni hii. Kipima pH, mizani, kikaushio na seti ya machekeche ya chuma cha pua havifikii bei ya gari moja la ofisi, na vikiwekwa mjini Mpanda vingehudumia vikundi vya Mlele, Nsimbo na wilaya ya Tanganyika kwa zamu.

Wafugaji nao wana neno: pumba ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe wa Mpimbwe si wachache. Hoja hii ni ya kweli ila ni ndogo, kwani skrabu hutumia gramu ambapo zizi hutumia magunia.

Ninachoiomba TBS kinaingia kwenye lebo ya skrabu yoyote, iliyoagizwa na iliyotengenezwa hapa: saizi ya chembe, sehemu ya mwili inayofaa, tarehe ya kukobolewa kwa nafaka ikiwa ni ya nafaka, na kwa asidi, asilimia na pH. Hadi mistari hiyo minne ionekane kwenye kopo, pumba za mashine ya hatua moja zisipande juu ya kifundo cha mguu.