Pedi ya ubao: safisha kwanza, bandika baadaye

Kiangazi kikifika, familia nyingi za Houston huelekea Galveston na Surfside Beach. Za Dallas na Fort Worth huenda ziwa Lewisville au Grapevine. Wanaonunua ubao uliotumika mara nyingi hukuta pedi imeanza kubanduka. Pedi ni sponji yenye mikwaruzo inayozuia mguu au goti kuteleza, na ikitoka majini, aliye juu yake huanguka.

Kabla ya kununua pedi, bonyeza ubao kwa kidole. Ule mgumu wa fibaglasi hushika gundi vizuri. Ule laini wa wanaoanza haushiki. Huo upake nta tu. Kwenye ubao wa kusimama, pedi hukaa nyuma, juu ya mapezi, ukingo ulioinuka ukiwa upande wa mkia, kwani hapo ndipo mguu wa nyuma hukanyaga. Ubao wa kupigia magoti huhitaji pedi nene, maana magoti hupokea kila kishindo.

Kwangua nta yote, futa kwa spiriti, acha pakauke. Panga vipande kabla ya kubandua karatasi, weka alama kwa penseli, kisha bandika ukianzia katikati na kusukuma hewa nje. Kandamiza kingo. Fanya kazi hii kivulini, na usubiri saa 24 kabla ya kuingia majini. Baadaye, usiuache ubao ndani ya gari: joto la Texas hulegeza gundi.

Pedi huzuia kuteleza, haizuii kuzama. Mtoto avae jaketi la kuokoa maisha.