Usiwe na haraka ya kutolewa mrija

Ukifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, huenda ukaruhusiwa kurudi nyumbani ukiwa na mrija ubavuni na chupa yake. Ni kero, lakini usiombe utolewe mapema. Mishipa midogo iliyokatwa huendelea kuvuja majimaji chini ya ngozi. Yakikosa njia hujikusanya, na vijidudu vikiingia, jeraha huchelewa kupona. Likichelewa, dawa za saratani au mionzi nazo husubiri.

Kila siku nawa mikono kwa sabuni, pima majimaji, andika kiasi, kisha mwaga. Mara nyingi mrija hutolewa yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, hivyo nenda kliniki na daftari lako. Fumba na kufumbua kiganja, chana nywele taratibu, lakini usiinue kitu kizito.

Uvimbe ukirudi, usiukamue wala kuutoboa. Daktari huyanyonya majimaji kwa sindano. Ukiona homa, usaha, harufu mbaya, au ngozi ikiwa ya moto na kuuma zaidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi mnaoishi naye, ndoo ya maji ibebeni ninyi.