Ufa wa nyani

Semesta ya pili chuoni, kabla sijaacha, tulikariri mifereji ya ubongo kama steji za matatu. Wa kati, wa pembeni, wa kalikarini, wa lunati. Hakuna aliyetuambia kwamba huo wa mwisho Wajerumani waliuita Affenspalte, yaani ufa wa nyani. Wala kwamba ulitafutwa hapa hapa Nairobi, ndani ya vichwa vya watu wetu.

Ubongo wa sokwe una mfereji kisogoni, umepinda kama mwezi mchanga. Unaonyesha eneo la kwanza la kuona linaishia wapi kwa mbele. Kwetu sisi binadamu, sehemu kubwa ya eneo hilo imejikunja ndani, kandokando ya mfereji wa kalikarini. Wengi hatuna huo wa lunati ulio wazi. Ukionekana, mara nyingi ni vipande vya mifereji mingine vilivyokutana tu, na hauweki mpaka wowote wa kuona. John Allen na wenzake walilionyesha hilo kwa picha za MRI mwaka 2006.

Lakini ukishaamua unatafuta nyani, kila ufa ni wake. Mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali ya kikoloni Nairobi, alichapisha makala kuhusu "ubongo wa mwenyeji wa Kenya". Alihesabu mifereji, akapima uzito: gramu 1276, dhidi ya 1428 za Mzungu. Eti hiyo ndiyo sayansi. Ubongo wenyewe ulitoka kwa wagonjwa waliofia hospitalini! Phillip Tobias alikuja kueleza mwaka 1970 kwamba uzito huo hubadilika kwa umri, ukubwa wa mwili, lishe, ugonjwa, hata saa zilizopita tangu mtu afe. Kwa hivyo buda alipima njaa na homa, halafu akaandika "Mwafrika".

Najua kuna msee atasema hayo ni ya kitambo, tusonge. Tusonge vipi na neno bado liko kwenye noti zetu, limeoshwa, halina historia? Mwanafunzi wa udaktari Nairobi anastahili kujua nani alifunguliwa kichwa, na kwa sababu gani.

Kwenye mtihani waliuliza mfereji wa lunati una kazi gani kwa binadamu. Nikaandika: mpaka wa mbele wa eneo la kuona. Jibu la sokwe. Nilipewa alama zote mbili.